VPN Yako Mwenyewe kwa Kama Sh650 kwa Mwezi: Tulichojifunza Ruiru na Thika

Kuna mama anauza viatu vya mitumba Ruiru, hatua chache tu kutoka steji ya matatu. Mchana anauzia mezani, jioni anauzia kwa simu. Anapiga picha za jozi mpya, anaziweka kwenye kikundi chake cha Telegram, na anayetaka anatuma pesa kwanza ndipo boda iondoke. Biashara ilikuwa inaenda vizuri hadi Novemba 2024.

Mwezi huo, kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kampuni za simu zilizima Telegram saa za mitihani ya KCSE, kwa sababu ya watu wanaouza karatasi za mitihani huko. Mwaka uliotangulia Telegram ilikuwa imesumbua vilevile msimu wa mitihani. Kwa mama wa viatu, hiyo ilikuwa asubuhi nzima bila oda. Mtu kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp akatuma linki: pakua hii VPN ya bure, Telegram itafunguka. Akapakua. Na kweli ikafunguka.

"Iliniuliza ruhusa nyingi, mimi nikawa nabonyeza tu kubali, kubali, kubali," alituambia. "Si nilikuwa nataka kuuza?"

Wiki tatu baadaye aliamka alfajiri kwenda Gikomba kununua stoku. Akaangalia salio, akapata Sh86. Usiku huo Sh14,300 zilikuwa zimeondoka, na kufikia saa aliyopiga simu kuripoti, zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti mahali asipopajua. Hazikurudi.

Hatuwezi kuapa kwamba ni ile VPN iliyomwibia. Lakini fundi alipoifungua simu, alikuta programu hiyo imepewa ruhusa ya kusoma SMS zote, na pia ruhusa ya zana za ufikivu, ile inayowezesha programu kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitu kwa niaba yako. VPN ya kweli haihitaji hata moja kati ya hizo mbili.

Tangu hapo swali moja limekuwa likitufikia sana kutoka kwa wateja: je, VPN inalinda pesa zangu, au ndiyo inaziweka hatarini? Tukaamua tusijibu tukiwa ofisini. Mama huyu ana mtoto wa dada yake anayesoma chuo Thika, na kijana huyo alikuwa amemwahidi atamjengea VPN yake mwenyewe, isiyo ya mtu mwingine. Tukaomba tukae nao Jumamosi moja tuone inavyofanywa.

Kwanza, VPN ni nini hasa?

Fikiria umepanda matatu kutoka Thika kwenda Nairobi. Ukikaa dirishani kwenye kioo cha kawaida, kila mtu kwenye steji za njiani anakuona: Juja, Ruiru, hadi Githurai. Haoni kilicho ndani ya mkoba wako, lakini anajua ni wewe na anaona unakoshukia. VPN ni kama kusafiri kwenye gari la vioo vyeusi. Walio njiani wanaona gari limepita, basi.

Lakini gari hilo lina mahali linapokushusha. Mahali hapo ni seva, yaani kompyuta iliyo mbali, inayopokea mambo yako na kuyapeleka kwenye tovuti unayotaka. Kuanzia kwa seva kwenda mbele, unatembea kama watu wengine. Na dereva, yaani mwenye seva, anajua ulipopandia na uliposhukia.

Hapo ndipo ulipo uamuzi mzima wa VPN. Macho ya watu hayaondoki, yanahama tu. Mwenye WiFi ya mkahawa haoni tena unakoenda, sasa anaona mwenye seva. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "VPN gani ina kasi?" uliza "dereva ni nani?"

Dereva wa bure analipwa na nani?

Kuendesha seva ni gharama, na lazima kuna anayeilipa. Mwaka 2016, watafiti wa taasisi ya CSIRO ya Australia na wenzao wa vyuo vikuu walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi. Asilimia 18 hazikuwa zikifunga mawasiliano kwa siri hata kidogo: vioo vyeusi kwenye picha ya tangazo, gari lenyewe halina kioo.

Si kampuni ndogo pekee. Facebook ilinunua kampuni iitwayo Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN ikatangazwa kama ya kulinda watu. Kumbe ilikuwa pia ikikusanya habari za programu zingine ambazo watu wanatumia kwenye simu zao. Iliondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa kabisa.

Hatusemi kila VPN ya bure ni mwizi. Kuna kampuni zinazoaminika ambazo hutoa kiwango kidogo cha bure zikitarajia utakuja kulipia. Lakini ile inayotumwa kwa linki ya WhatsApp, nje ya duka rasmi la programu, ikikuomba ruhusa ya SMS, hiyo usiguse.

Bei ya kujijengea

Kijana wa Thika alitueleza kwa urahisi: badala ya kupanda gari la mtu, unakodisha lako. Seva pepe ni kipande cha kompyuta kubwa iliyo kwenye kituo cha data, kilichokatwa na kukodishwa kivyake. DigitalOcean, Vultr, Linode na Hetzner ni baadhi ya kampuni zinazokodisha. Kwa kazi ya VPN huhitaji kikubwa. Kile cha bei ya chini kabisa, chenye memori ya MB 512 au GB 1, kinatosha simu kadhaa.

Bei za vipande hivyo vidogo huwa kati ya dola 4 na 6 kwa mwezi. Tukihesabu dola kwa Sh130, ile ya dola 5 ni Sh650. Ongeza kodi na makato ya kubadilisha sarafu, kwa hivyo usiweke bajeti ya Sh650 kamili.

Malipo yanafanywa kwa kadi. Kama huna kadi ya benki, tumia kadi ya mtandaoni inayounganishwa na akaunti yako ya pesa za simu. Hapa tuna ushauri wetu kama watu wa malipo: weka kwenye kadi kiasi cha mwezi huo tu, usiache akiba yako yote humo. Malipo haya hujirudia kila mwezi, na seva ukiisahau itaendelea kukula.

Na jambo linalowashika wengi: kuzima seva si kuifuta. Kwa kampuni nyingi, seva iliyozimwa bado inalipishwa kwa sababu nafasi yake imeshikiliwa. Ukitaka kuacha kulipa, ifute kabisa kwenye dashibodi.

Jumamosi Thika: hatua kwa hatua

Tulikutana kwenye chumba chake cha kupanga upande wa Makongeni. Kitanda, meza, laptopu ya zamani, na sufuria ya chai. Mama alikuja na simu mbili, yake na ya binti yake. "Tata, leo usibonyeze kubali kabla sijakuambia," kijana alimwambia, na mama akacheka hadi akafuta machozi.

*Hatua ya 1: Kukodisha seva.* Alifungua akaunti, akachagua mfumo wa Ubuntu 24.04, kisha mahali. Mahali pana maana. Kadiri seva ilivyo mbali, ndivyo kila kitu kinavyochelewa kidogo. Johannesburg iko karibu nasi kuliko Frankfurt, na Frankfurt iko karibu kuliko New York. Dakika mbili hivi na seva ikawa imewaka, ina anwani yake ya IP.

*Hatua ya 2: Kufunga mlango.* Hii ndiyo wengi huruka. Seva ikishaingia kwenye intaneti, roboti zinaanza kujaribu nywila zake karibu papo hapo, mchana na usiku. Kijana hakutumia nywila. Alitengeneza ufunguo wa SSH kwenye laptopu, akaupatia seva nusu ya umma, kisha akazima kabisa njia ya kuingia kwa nywila kwa kuweka `PasswordAuthentication no`. Baada ya hapo akasasisha mfumo wote na kuuwekea masasisho ya usalama yajifanye yenyewe.

*Hatua ya 3: Kuweka WireGuard.* Hii ndiyo programu ya VPN yenyewe. Iliandikwa na Jason Donenfeld, na tangu Machi 2020 imekuwa sehemu ya kiini cha Linux, toleo la 5.6. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Amri ni moja: `apt install wireguard qrencode`.

*Hatua ya 4: Kutengeneza funguo.* Kila kifaa kinapata funguo mbili, moja ya umma na moja ya siri. Mama akauliza tofauti. Kijana akafikiria kidogo, akasema: "Tata, ya umma ni kama nambari yako ya simu. Unampa mtu ndiyo akutumie. Ya siri ni kama PIN." Sisi tuliangaliana, kwa sababu hatujawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Usiitume funguo ya siri kwa WhatsApp. Usiipige picha ukaiacha kwenye galari.

*Hatua ya 5: Kuandika faili la mipangilio.* Faili linaitwa `wg0.conf` na linakaa kwenye `/etc/wireguard`. Ndani yake kuna anwani ya ndani ya seva, yeye alitumia 10.8.0.1, mlango wa kusikiliza, kwa kawaida 51820, na orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa. Simu ya mama ikapewa 10.8.0.2 na ya binti yake 10.8.0.3. Kila simu ina funguo zake. Simu ikipotea, unafuta hiyo moja tu, zingine zinaendelea.

*Hatua ya 6: Kufungua njia.* Ukuta wa seva uliruhusiwa kupokea mlango wa UDP 51820 na wa SSH, basi. Kisha zikawekwa kanuni za kufanya mambo ya simu yatoke nje kwa jina la seva.

*Hatua ya 7: Kuwasha na kuunganisha simu.* Amri ya `systemctl enable --now wg-quick@wg0` ikaiwasha, na hata seva ikizimika na kuwaka itajirudia yenyewe. Kisha `qrencode` ikachora msimbo wa QR kwenye skrini ya laptopu. Mama akafungua programu rasmi ya WireGuard kwenye simu yake, iliyotoka kwenye duka la Google, akaskani, akabonyeza kuwasha.

Swichi ikageuka. Mama akafungua Telegram. Haikufunguka. Akajaribu tovuti ya habari. Hakuna.

Mahali tulipokwama

Kwa karibu nusu saa chumba kilinyamaza. Chai ikapoa. Simu ilisema imeunganishwa, seva ilisema imewaka, lakini hakuna ukurasa uliofunguka.

Kijana aliandika `wg show`. Ikaonyesha simu ya mama ilikuwa imesalimiana na seva sekunde chache zilizopita. Maana yake funguo zilikuwa sawa na njia ya kufika kwa seva ilikuwa wazi. Shida ilikuwa seva ilipokea abiria lakini haikuruhusiwa kuwapitisha mbele. Alikuwa amesahau mstari mmoja: `net.ipv4.ip_forward=1`. Linux kwa kawaida haipitishi mambo ya watu wengine hadi uiambie. Akauandika, akaupakia kwa `sysctl -p`, na simu ya mama ikalia meseji saba za Telegram kwa mpigo.

Tunaeleza hili kwa sababu ndilo kosa la kawaida zaidi, pamoja na lingine linalofanana nalo: kuandika jina la kadi ya mtandao `eth0` kwenye kanuni wakati seva yako inaiita jina lingine. Ukiona "imeunganishwa" lakini hakuna kinachofunguka, anzia hapo. Pia, hakikisha kwa kutafuta "my IP address" kwenye simu. Ikionyesha anwani ya seva yako, umefaulu.

Sasa, pesa zako: VPN inalinda nini?

Hapa tuwe wakweli, hata kama ingekuwa rahisi zaidi kukuuzia ndoto.

Ukiwa kwenye WiFi ya mkahawa, ya hosteli au ya matatu, mwenye mtandao huo anaweza kujua tovuti unazotembelea. Lakini PIN yako na kiasi unachotuma ndani ya programu inayoaminika, kama yetu, tayari vimefungwa kwa siri kutoka simu yako hadi kwa seva zetu, VPN iwepo au isiwepo. VPN inaongeza kufuli la pili na kuficha unakoenda. Ni kitu kizuri, lakini si muujiza.

Ukitumia menyu ya USSD, ile ya kuanza na nyota na kumaliza na reli, au menyu iliyo kwenye laini yako, VPN haihusiki kabisa. Hizo hazipiti kwenye intaneti, zinapita kwenye mitambo ya mtandao wa simu. Vivyo hivyo SMS na simu za kawaida. Tumekutana na wateja wanaowasha VPN kabla ya kupiga USSD wakidhani wamejikinga. Haiumizi, ila haifanyi chochote.

Na VPN haiwezi kukulinda na wewe mwenyewe. Tulimuuliza ajenti mmoja wa Thika aliyeketi kwenye kibanda chake miaka mingi kama amewahi kuona mteja aliyeibiwa kwa sababu ya WiFi. Akatikisa kichwa. "Wote wanaokuja kulia hapa, kuna mtu aliwapigia simu," alisema. "Ati pesa zimekuja kimakosa, ati mimi natoka ofisi kuu, nisomee hiyo nambari. VPN itamziba huyo mdomo?"

Haitamziba. Ukimsomea mtu msimbo wa SMS, ukimpa PIN, au mtu akifanikiwa kubadilisha laini yako ikawa kwake, seva ya Johannesburg haina la kufanya. Vilevile WiFi ya "bure" ikikufungulia ukurasa unaoitisha PIN ya pesa za simu ili ikuunganishe, funga mara moja. Hakuna WiFi duniani inayohitaji PIN yako.

Mambo madogo yatakayokushangaza

*Bando.* Kama unatumia bando maalum la WhatsApp au la mitandao ya kijamii, ukiwasha VPN kampuni ya simu haiwezi tena kujua kwamba hiyo ni WhatsApp. Inaona tu gari la vioo vyeusi. Kwa hivyo itakukata data ya kawaida, au muda wa maongezi ukiwa huna data. Mama wa viatu aligundua hili siku ya pili.

*Programu za fedha.* Ukiingia kwenye akaunti ukitokea Ruiru saa tatu, kisha saa nne unaonekana uko Afrika Kusini, mifumo ya kuzuia ulaghai inaweza kushtuka na kukuomba uthibitishe tena, au kukufungia kwa muda. Suluhisho ni rahisi: kwenye programu ya WireGuard ya Android kuna sehemu ya kuondoa programu fulani kwenye VPN. Weka programu zako za benki na za malipo hapo, uzitumie kwa data yako mwenyewe.

*Mtandao ukikatika.* VPN si intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Afrika Mashariki nzima ilihisi. Siku kama hiyo VPN haina barabara ya kupita.

*Si kujificha.* Seva yako imekodishwa kwa jina lako na kadi yako. Inakupa faragha mbele ya mwenye WiFi, haikufanyi mtu asiyejulikana.

Na sheria?

Kenya hakuna sheria inayomkataza mtu binafsi kutumia VPN. Kampuni nyingi hutumia kila siku ili wafanyakazi wafikie mifumo ya ofisi wakiwa nyumbani. Lakini kosa linabaki kosa hata likifanywa ndani ya VPN, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haijali ulipitia gari gani. Ukigawana seva na marafiki kama chama, kumbuka anwani ni yako: mmoja akifanya ujinga, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Ongeza watu unaowaamini kama unavyowaamini na pesa.

Ukivuka mpaka, uliza kwanza. Tanzania, Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano TCRA ilitoa notisi ikiwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao na anwani za IP wanazotumia. Mfanyabiashara anayevuka Namanga kununua bidhaa asidhani kanuni ni zile zile pande zote.

Je, wewe unaihitaji?

Kama unatumia data ya laini yako mwenyewe na simu yako ina masasisho, pengine hapana, na Sh650 hizo ni bora uweke akiba. Kama kila siku unafanyia kazi kwenye WiFi za watu, au biashara yako inategemea mtandao wa kuaminika, VPN ni kitu cha maana. Kujijengea kunafaa mtu aliye tayari kuitunza, au aliye na mpwa wa kuitunza. Kama hakuna, VPN ya kulipia kutoka kampuni inayojulikana ni bora kuliko seva yako iliyosahaulika miaka miwili bila masasisho.

Lolote utakaloamua, fanya haya leo, hayagharimu kitu:

- Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, uone ni programu gani zinasoma SMS. Usizozitambua, zinyime.
- Angalia pia zana za ufikivu. Kama hujaweka kitu huko kwa makusudi, kusiwe na kitu.
- Futa VPN yoyote uliyopakua kwa linki ya kutumiwa. Ukishaifuta, badilisha PIN yako, na ukiweza ibadilishe ukitumia simu nyingine ambayo haikuwa na programu hiyo.
- Pakua programu kwenye duka rasmi tu.
- Ukiona pesa zimeondoka, piga simu kwa huduma kwa wateja kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Kila dakika ina maana kabla pesa hazijatolewa.

Mama wa viatu alirudi Ruiru jioni hiyo na matatu, VPN ikiwa imewaka na programu yetu ikiwa imeondolewa kwenye VPN kama mpwa wake alivyomwonyesha. Sh14,300 zake hazijarudi, na hatutajifanya kwamba hadithi hii imezirudisha. Lakini wiki iliyofuata alitutumia meseji. Mtu alikuwa ametuma linki nyingine kwenye kile kikundi cha WhatsApp, VPN mpya, ya bure, ya kasi ajabu. Alikuwa amewaandikia wenzake jibu la maneno manne tu.

"Kwanza niambieni dereva nani."